Kusomeshana kwa Mbali

Kikao cha bure cha Zoom hukatika kikifika dakika 40. Toa dakika kumi za salamu, za "Mwalimu, hunisikii?" na za mtoto ambaye simu imemtoa na anaomba kuingizwa tena. Zinabaki 30. Kikao kina wanafunzi 28. Kila mmoja akipewa zamu ya kusoma kwa sauti, anapata dakika moja na sekunde chache, na muda wote uliobaki kazi yake ni kuwasikiliza wenzake 27 huku maikrofoni yake imezimwa.

Hesabu hiyo aliifanya mwalimu mmoja wa Kiswahili mjini Mombasa, kwa kalamu ya risasi, nyuma ya daftari la mahudhurio. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza tarehe 15 Machi 2020 kwamba shule zote za Kenya zifungwe kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa mwalimu huyu, katika shule moja ya binafsi, walikuwa Gredi ya 4, kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi. Kila darasa waliloingia lilikuwa halijapata kuingiwa na mtu kwa mfumo huo. Januari aliwapokea wakiwa na viwango vya kusoma vilivyopishana mno: wapo waliomaliza ukurasa kwa pumzi moja, na wapo waliokuwa bado wakisukuma silabi kwa ncha ya kidole. Aprili wengi wao wakawa vijisanduku kwenye skrini ya simu.

Mwezi huo UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani waliokuwa nje ya madarasa yao. Shule zilizoweza kuhamia mtandaoni, nyingi zilihama na darasa lilivyo: mwalimu anasoma, wanafunzi wanarudia, kisha jina linaitwa na mmoja anasoma peke yake. Ana kwa ana, mpango huo hubebwa na msaada ambao hauandikwi kwenye azimio la kazi. Mtoto aliyekwama humtupia jicho jirani, na jirani humsogezea kidole kwenye neno. Mtandaoni hakuna jirani. Mtoto akikwama, hukwama mbele ya wote, tena huku uso wake ukiwa umejaa skrini, na ndiyo maana kamera zilianza kuzimwa moja baada ya nyingine kila zamu ya kusoma ilipokaribia.

Mwalimu aliona kwamba darasa lake limekosa jirani, na tangu hapo kazi yake yote ikawa kumtafutia kila mtoto mmoja.

Wazo halikutoka kwenye kompyuta. Alikulia Majengo, na kama watoto wengi wa pwani alisoma mkekani kabla hajajua dawati. Katika chuo chao cha Kurani Maalimu alikuwa na watoto wa kila umri mbele yake na hakuweza kuwasikiliza wote. Basi aliyekwisha kuvuka juzuu fulani alimsikiliza aliye nyuma yake, na huyo naye alikuwa na mdogo wa kumsikiliza. Sauti zilijaa nyumba nzima, kila mmoja na somo lake, na bado Maalimu alimnasa aliyekosea kutoka upande wa pili wa chumba. Jambo lililomkaa moyoni mwalimu wetu ni kwamba aliyepewa mdogo wa kumsikiliza alidurusi nyumbani bila kuambiwa. Haya ya kukosea mbele ya mdogo ilizidi hofu ya kiboko.

Wataalamu wa elimu walifika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown, watafiti wa Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu kufundishana kwa zamu. Walishughulika na wanafunzi wa darasa la saba waliotamka maneno vizuri lakini hawakuelewa walichokisoma. Waliwazoesha mambo manne, wakiwa kikundini na kifungu mbele yao: kutabiri kitakachofuata, kuuliza, kufafanua palipokwama, na kufupisha walichokisoma. Mwanzoni mwalimu ndiye aliyeongoza. Taratibu uongozi ukapita mkononi mwa wanafunzi, mmoja baada ya mwingine. Alama zao za ufahamu zilipanda sana, na zilipopimwa tena wiki kadhaa baadaye zilikuwa hazijaporomoka.

Kwa kikao cha watoto 28 mgawanyo ni mwepesi: vikundi saba vya wanne. Zoom ina uwezo wa kutenga kikao kimoja katika vyumba vidogo, na mwalimu akawapa watoto majina ya kazi: mtabiri, muulizaji, mfafanuzi, mfupishi. Dakika 20 chumbani, watoto wanne, kila mmoja dakika tano za kusoma na kusema. Ni karibu mara tano ya zile za mwanzo, kwa kikao kile kile na bando lile lile.

Hakuwaachia mara moja. Kwa siku kadhaa alichukua wanne, akakaa nao mbele ya wote kama mwanakikundi, akatabiri kwa sauti, akakwama makusudi, akaomba kufafanuliwa. Watoto walipewa vianzio vya sentensi wavibandike ukutani karibu na simu: "Nadhani...", "Kwa nini...", "Sikuelewa pale...", "Kwa kifupi..." Kianzio cha tatu ndicho kilichochukua muda mrefu kuliko vyote kuzoeleka. Mtoto aliyefundishwa tangu chekechea kwamba anayejua ndiye anayenyoosha mkono hawezi siku moja tu kuona kwamba kusema "sikuelewa" ni kazi ya kikundi. Kinachomfungua ni kusikia mwenzake anayemheshimu akiisema.

Kifungu kimoja alikiandika mwenyewe. Mvuvi wa Likoni anaazima dau la jirani alfajiri, siku ya bamvua, na lake liko pale pale ufukweni. Mwalimu aliingia katika chumba kimojawapo akiwa amezima kamera na maikrofoni. Muulizaji alikuwa msichana mwembamba wa sauti, anayesoma polepole.

"Kwa nini ameazima dau na lake analo?"

"Limetoboka," akajibu mtabiri papo hapo.

"Wapi pameandikwa?"

Kimya. Zikasikika karatasi. Mfupishi akasoma upya: mvuvi alilitazama dau lake, akatikisa kichwa.

"Hapo hapasemi limetoboka."

"Basi lina nini?"

"Labda ni dogo. Maji ya bamvua ni makubwa."

Wakamgeukia mfafanuzi, mvulana wa Likoni ambaye babu yake ni mvuvi wa kweli. Huyu kusoma kulimpa taabu kuliko wote wanne, lakini kuhusu bahari hakuna aliyemfikia. Aliwaeleza kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwamba maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba dau lenye nyufa likikaa juani mbao zake hukauka likavuja. Kwa hiyo huenda halijatoboka, ila halijakalafatiwa. Mtabiri akabisha. Chumba kikafungwa wakiwa katikati ya ubishi, na waliporudi kwenye darasa kubwa walitaka mwalimu aamue. Hakuamua. Aliwaambia watafute ushahidi zaidi ndani ya kifungu na walete kesho.

Ukitazama maswali matano yanayofuata kifungu cha ufahamu katika vitabu vingi vya kiada, mengi hujibiwa kwa kunakili sentensi. Mvuvi aliamka saa ngapi? Aliazima nini? Swali la yule msichana halijibiwi hivyo. Linamlazimu msomaji arudi kwenye maandishi mara mbili, tatu, apime kila neno. Huko ndiko kusoma, na swali hilo limetoka kwa mtoto ambaye katika utaratibu wa kuitwa majina angetumia dakika yake yote akipambana na silabi huku wengine wakisubiri amalize.

Vikundi vilikuwa na matatizo yake pia. Kikundi cha watoto sita ni kikubwa mno mtandaoni, wawili hutoweka. Kikundi chenye msomaji mmoja hodari kinaweza kumgeuza kuwa mwalimu mdogo, yeye anasoma, wengine wanaitikia. Kubadilisha kazi kila siku kulisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni kukata kifungu chenyewe. Mwalimu alikigawa mapande manne, akamtumia kila mtoto pande lake kwa faragha, na hakuna aliyekuwa na hadithi nzima. Aliye hodari akiwa na mwanzo na mwisho anao yule asiyesikika, hodari hana budi kunyamaza na kumsubiri.

Mbinu hiyo ina historia nzito. Elliot Aronson na wenzake waliibuni mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule za mji zilipoanza kuwachanganya watoto Weusi, Wazungu na wenye asili ya Mexico waliokuwa wakisoma mbalimbali. Chuki ilijaa madarasani. Aronson alitaka kila mtoto ashike kipande ambacho wenzake wanakihitaji ili wafaulu, kiasi kwamba kumdharau ni kujinyima. Katika jambo hili mtandao ulikuwa bora kuliko darasa la matofali. Darasani watoto huchungulia karatasi ya jirani. Kwenye simu hakuna pa kuchungulia, inabidi umsikilize.

Upande mwingine wa darasa haukuwahi kuiona Zoom. Karibu theluthi ya wanafunzi walitegemea simu moja ya nyumba nzima, na simu hiyo ilitoka na mzazi asubuhi: mama muuza mboga Kongowea, baba utingo wa matatu. Saa ya masomo mtoto yuko nyumbani, simu iko sokoni. Hata ingebaki, video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, na bando ni pesa ya unga.

Ajabu ni kwamba kafyu ndiyo iliyowafungulia mlango. Tangu tarehe 27 Machi hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Maana yake kabla ya saa moja simu zote zilikuwa zimerudi nyumbani. Mwalimu akaunda vikundi vya WhatsApp vya watoto wanne wanne kwa simu za wazazi, vinavyofanya kazi baada ya chakula cha jioni, kwa ujumbe wa sauti peke yake. Ujumbe wa dakika moja haufiki hata megabaiti moja.

Utaratibu ulikuwa wa kupokezana. Wa kwanza anasoma aya, anaituma, na mwishoni anauliza swali. Wa pili hana ruhusa ya kusoma aya yake kabla hajalijibu swali hilo. Wa nne akimaliza, wa kwanza anatuma muhtasari wa hadithi nzima. Ndani ya sauti hizo kulikuwa na maisha yote ya nyumbani: cherehani ya jirani, sufuria likifunikwa, adhana ya isha, mdogo anayelilia simu. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, vikundi vilisogea hadi baada ya futari, na mara nyingine aya ya mwisho ilifika karibu na daku. Tarehe 6 Mei serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale, wanafunzi wa humo na wenzao wa Kisauni waliendelea kupokezana aya kila usiku.

Humo akatokea mvulana ambaye darasani hakupata kusoma kwa sauti hata mara moja bila kutokwa na jasho. Ujumbe wake wa kwanza ulichelewa sana, wenzake wakawa wanamtumia alama za kuuliza. Ulipofika ulikuwa laini, na vituo vyote mahali pake. Mama yake alimweleza mwalimu siku iliyofuata, "Mwalimu, huyu amekaa chooni na simu yangu, anasoma, anafuta, anasoma tena. Chaji yote imekwisha." Bila kujua, mtoto huyo alikuwa akifanya zoezi ambalo Mmarekani S. Jay Samuels alilieleza mwaka 1979: kurudia kifungu kifupi kile kile mpaka kisomeke kwa mtiririko. Zoezi hilo mwalimu akiliamuru, watoto huliona adhabu. Huyu aliliamuru mwenyewe kwa sababu kulikuwa na watu watatu wanaosubiri sauti yake ndipo hadithi iendelee.

Tarehe 7 Juni kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Habari njema kwa wafanyabiashara, lakini simu zikaanza kurudi watoto wamelala. Vikundi vikahamia alfajiri, kabla mama hajatoka, na baadhi ya watoto walipotea hapo kwa majuma. Mwalimu anaitaja tarehe hiyo kila anapowasikia watu wakizungumzia elimu ya mtandaoni kana kwamba ni suala la programu ipi inunuliwe. Kwake ni suala la simu iko wapi saa ngapi, na iko mkononi mwa nani.

Wazazi nao walikuwa darasani, wapende wasipende. Mtoto akiulizwa swali, nyuma ya kamera ilisikika sauti ya chini ikimnong'oneza jibu. Walimu wengi waliwakemea. Yeye aliona mzazi anayenong'ona ni mtu mwenye hamu na asiye na kazi, basi akampa kazi: jioni mtoto amsomee, na mzazi aulize maswali mawili ambayo yeye mwenyewe hajui majibu yake. Sharti la kutojua jibu ndilo lililoleta tofauti. Bibi mmoja ambaye hakwenda shule akawa msikilizaji hodari kuliko wote, kwani kila swali lake lilikuwa la kweli. Alitaka kujua.

Kimya kilikuwa somo jingine. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wakishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu, na kwamba wakijizuia kwa sekunde tatu hivi, majibu huwa marefu zaidi na watoto wasiozungumza huanza kuzungumza. Mtandaoni sekunde tatu hazitoshi. Sauti huchelewa njiani, mtoto atafute kitufe cha maikrofoni, ajipe moyo. Mwalimu alijizoeza kunywa funda la maji kila baada ya kuuliza. Vilevile alitumia utaratibu uliopendekezwa na Frank Lyman mwaka 1981, wa kuwaacha watoto wafikiri kwanza peke yao, kisha wawili wawili, ndipo wazungumze mbele ya wote. Mtoto aliyekwisha kulijaribu jibu lake kwa mwenzake hulileta kwenye darasa kubwa akiwa na sauti nyingine kabisa.

Kuhusu usalama hakuwa na mzaha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na sauti ya mtoto anayesoma ni taarifa zake. Hakuna ujumbe uliosambazwa nje ya kikundi, hata ule mzuri ambao shule ingependa kuutumia kujitangaza, na watoto hawakuwekwa wawili peke yao chumbani bila mtu mzima kuwa karibu na mmojawapo.

Gredi ya 4 ilirudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, pamoja na Darasa la 8 na Kidato cha 4, huku madarasa mengine yakisubiri hadi Januari. Watanzania walikuwa wamekwisha kurudi tangu Juni. Waganda wengi walisubiri hadi Januari 2022. Watoto wa Mombasa walikaa mmoja mmoja, barakoa usoni, na jambo la kwanza walilouliza ni kama vikundi vyao vya wanne bado vipo.

Vipo hadi leo, na vimevuka bahari. Kila Jumamosi mwalimu huyu ana darasa la watoto wa Waswahili waliotawanyika. Saa kumi na moja jioni Mombasa ni saa kumi na mbili Muscat, na wakati wa kiangazi cha Ulaya ni saa tisa alasiri London na saa nne asubuhi Toronto. Wazazi wa ughaibuni waliomba kitu kimoja, watoto wao wajue kusoma Kiswahili. Yeye akaweka sharti kwamba hatawafundisha peke yao. Katika kila kikundi lazima wawemo watoto wa Mombasa.

Sababu yake inatokana na umbo la Kiswahili chenyewe. Herufi zetu husomeka kama zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyejifunza kusoma kwa lugha nyingine huweza kukitamka Kiswahili chote baada ya muda mfupi, bila kuelewa hata sentensi moja. Msichana wa Toronto alisoma ukurasa mzima hivyo, hakujikwaa popote. Alipoulizwa nini kimetokea, akasema hajui. Katika kikundi chake alikuwamo mvulana wa Kisauni ambaye kila mstari ni mlima kwake, lakini alianza kucheka kabla hajaifikisha sentensi mwisho, kwa kuwa alikwisha kujua fisi wa hadithi anakwenda kufanya nini. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili vinavyozidishana, uwezo wa kutambua maneno na uwezo wa kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, zao lake ni sifuri. Katika kikundi hicho cha Jumamosi kila upande ulikuwa na kimoja na umepungukiwa kingine.

Basi wakafungwa nira pamoja. Msichana anasoma sentensi kwa mwendo wake, mvulana anaisema kwa maneno yake mwenyewe, msichana anauliza asichoelewa, kisha mvulana anairudia kuisoma baada yake. Ukurasa unaofuata wanabadilishana. Hadithi wanazipata African Storybook, maktaba ya vitabu vya picha iliyo wazi kwa wote, yenye vitabu vya Kiswahili na lugha nyingi za Afrika vilivyopangwa kwa ngazi, na leseni yake inaruhusu mtu kuvifasiri au kuvibadilisha bila malipo. Mwalimu huvipunguza, huvirefusha, huvikata mapande manne.

Baada ya miezi michache msichana yule alianza kuyavamia maneno katikati, akibisha tafsiri ya mwenzake: "Lakini hapa fisi hajasema ndiyo!" Ndiyo alama ya ufahamu anayoiamini mwalimu kuliko mtihani wowote. Mvulana, kwa upande wake, alimuuliza siku moja kama anaweza kutumiwa ukurasa wa wiki ijayo mapema. Hakutaka kumchelewesha mwenzake.

Ziko programu nyingi zinazouzwa sasa kwa wazazi na kwa shule, zenye vibonzo, nyota na zawadi, na mtoto husoma humo akiwa peke yake na skrini. Baadhi zina kazi nzuri ya kuzoesha herufi. Mzazi anayemwomba mwalimu ushauri hupewa swali moja la kumuuliza muuzaji: katika nusu saa, mtoto wangu atasoma kwa sauti dakika ngapi, na nani atakuwa anamsubiri amalize? Wengi hurudi na jibu la sehemu ya kwanza tu.

Hata hivyo hampokei kila mtoto. Mama mmoja wa Muscat alimwandikia akitaka binti yake wa miaka mitano aingie darasa la Jumamosi, na alikuwa tayari kulipa mara mbili. Mwalimu alimjibu kwamba kikundi humfaa mtoto aliyekwisha kuweza kuunganisha silabi. Asiyefika hapo, wenzake watamsomea kila kitu na yeye atajifunza kuitikia. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye bega kwa bega, kidole kwenye mstari, dakika 15 kila siku, na mtu huyo ni mama, au bibi, au dada mkubwa aliye nyumbani. Alimtumia orodha ya vitabu sita vya ngazi ya kwanza, namna ya kumsikiliza bila kumkatiza, na maneno haya: "Akiweza kunisomea ukurasa mmoja hata kwa kusitasita, niletee. Nitamtafutia wenzake watatu."